Uzi wa tamthilia za Kichina: za kasri na zile za dakika moja. Kuna mwenzangu humu?

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni. Wadogo, mambo.

Nauza duka la dawa karibu na stendi, Morogoro, zamu ya usiku. Kuanzia saa sita mpaka alfajiri wateja ni wa kuhesabu: mwenye kikohozi, mama mwenye mtoto wa homa, na yule kijana anayezungukazunguka dirishani mpaka watu waondoke ndipo aseme anachotaka. Muda uliobaki ni mimi, feni na simu. Ndivyo Wachina walivyonipata.

Nilianza na zile fupi. Hata huzitafuti, zinakufuata zenyewe unapoperuzi. Mwanamke anamwagiwa mvinyo usoni na mama mkwe, anatupiwa begi lake nje kwenye mvua, halafu geti linafunguka, magari meusi kumi, wazee wenye suti wanamwinamia: binti wa bosi aliyepotea tangu utotoni. Sekunde tisini, imekata. Wewe unataka kuona tu mama mkwe atafanya uso gani, unabonyeza. Kuja kushtuka niko ya 34 na mteja ameshagonga dirisha mara tatu.

Za mwanzo bure, baada ya hapo sarafu. Niliapa sinunui. Nikanunua ya elfu tatu, "nimalize hii tu". Mwisho wa mwezi nikapiga hesabu, tamthilia tatu, elfu 41. Siku hiyo nilikula ugali na dagaa bila kulalamika.

Jamaa wa zamu ya mchana akanionea huruma, akaniwekea Zhen Huan kwenye flashi, ile ya kasri yenye jina la suria ambaye ndiye mhusika mkuu. Ya mwaka 2011, episodi 76, Sun Li ndiye stelingi. Wakuu, kumi za mwanzo nilitaka kumrudishia flashi yake. Hakuna anayepigwa kofi! Wanawake wamekaa, wana maua kichwani kama bustani, wanakunywa chai, wanaitana dada. Nikawa nasinzia.

Nafikiri ni kama ya 15 ndipo masikio yalifunguka. Nikagundua mle ndani mtu akisifiwa nguo, kuna jambo. Akipewa zawadi, ndiyo kabisa. Akiitwa "dada yangu mpenzi" aanze kuandika wosia. Nikarudia kutoka ya kwanza, na nikaona nilikuwa nimepishana na vita nzima nikidhani ni umbea.

Tofauti ninavyoiona mimi: zile fupi ni pesa taslimu. Umetukanwa sasa hivi, kofi la kulipiza ndani ya dakika mbili, mnamalizana. Zhen Huan ni deni la riba. Mtu anapigishwa magoti leo, halipwi kesho wala keshokutwa, na anayemdai anaendelea kumtabasamia kila asubuhi. Mpaka siku ya kulipwa inafika na wewe mtazamaji ulishasahau lilikuwa shilingi ngapi.

Niwape mfano mmoja. Kuna suria anaitwa Hua Fei (fei ni cheo). Mkali, jeuri, mzuri balaa, kaka yake ndiye jemadari Nian Gengyao. Kaizari kampa udi wake wa peke yake, kasri zima hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuchoma. Miaka yote yeye anaringa nao, ndiyo alama ya kupendwa. Kumbe ndani ya ule udi kuna miski, imewekwa makusudi asizae, kwa sababu kaizari hataki mtoto mwenye mjomba mwenye jeshi. Na kasri zima wakubwa wanajua. Yeye tu ndiye hajui. Siku ameshavuliwa cheo na kaamriwa ajiue, Zhen Huan anamwendea mwenyewe na kumwambia ukweli kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mgonjwa majibu. Jamani. Mwanamke niliyemchukia episodi arobaini nilimlilia. Anajigonga ukutani, na kabla ya hapo analalamika kwa kaizari ambaye hata hayupo chumbani.

Niko ya hamsini na kitu sasa. MSINIMWAGIE MWISHO. Nataka mniambie: nyie mnaangalia zipi, na baada ya hii niende wapi?

---

Kibanda Umiza

Mwanaume mzima unalilia masuria wanaokunywa chai. Nchi imeisha.

Sisi Mchina tulimjua ni ngumi. Stelingi anapigwa mwanzo, anapanda mlimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anabeba ndoo za maji, anashuka, adui anakufa. Mtafsiri anatia maneno yake mle, kibanda kizima kinacheka. Shilingi mia mbili. Nani alikuwa na habari za kaizari?

---

Zamu ya Usiku

Mkuu, ile ya kubebeshwa ndoo na Zhen Huan ni kitu kimoja. Na huyu anapelekwa mlimani vilevile, kwenye hekalu la watawa, anafua nguo na kukata kuni. Ila akishuka hana ngumi, ana ujauzito.

(Samahani kwa ambao hawajafika huko.)

---

Mke wa Baharia

Mimi niko Mombasa, na hiyo ya miski ilinitoa roho. Nyinyi wa bara mwaisikia tu, sisi twaiishi. Miski, udi, ambari, bibi harusi huku hufukizwa mpaka kanga zatoa moshi. Nilipoiona ile tamthilia na binti yangu aliyekuwa mja mzito, kila suria akinusa kitu anapoteza mimba, binti akaenda akakifunga kijaluba changu cha udi kabatini. Miezi minne! Nyumba yanuka vitunguu.

Hebu wewe wa dawa tuambie, ni kweli au ni mambo ya televisheni?

---

Zamu ya Usiku

Mama yangu, nitasema ninachokijua. Miski halisi inatoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Asia, na tiba ya Kichina kweli inamkataza mja mzito kuitumia. Hilo waandishi hawakulitunga. Lakini miski nyingi inayouzwa siku hizi ni ya kiwandani, haijawahi kumwona paa. Na kunusa mara moja ukumbini ukaanguka hapohapo kama wale masuria, hiyo ni kazi ya mwongozaji. Mwambie binti afungue kabati, ila kama ana wasiwasi amuulize mkunga wake, si mimi wa kwenye uzi.

Kwa kuwa tumefika kwenye dawa, acheni niseme vitu viwili vinavyonikera. Cha kwanza, sindano ya fedha. Kila chakula cha kaizari kinachomwa sindano, ikigeuka nyeusi kuna sumu. Fedha inageuka nyeusi ikikutana na salfa. Aseniki ya zamani haikuwa safi, ilikuwa na salfa ndani yake, kwa hiyo sindano ilisema kweli kwa bahati. Aseniki safi ingepita bila wasiwasi. Na kiini cha yai la kuchemsha kina salfa, kwa hiyo mpishi asiye na hatia anakatwa kichwa kwa sababu ya yai.

Cha pili, daktari kushika mkono wa mtu sekunde tano, kwa juu ya kitambaa, na kutangaza mimba ya mwezi mmoja. Mimi hapa nauza vipimo kwa shilingi elfu moja na bado watu wanarudi kununua cha pili kuhakikisha.

---

Nusu Mchina

Mleta uzi, mimi nasoma mkoa wa Zhejiang, mwaka wa nne huu. Nikuongezee chumvi kwenye kidonda.

Suria Nian alikuwepo kweli. Kaizari Yongzheng (alitawala 1722 hadi 1735) alimwoa kabla hajapanda kitini, na kaka yake kweli alikuwa Nian Gengyao. Lakini hakuwa tasa. Alimzalia kaizari watoto WANNE, wa kiume watatu na wa kike mmoja. Wote walikufa wadogo. Yeye mwenyewe alifariki kwa maradhi mwaka 1725, kaka yake akiwa bado hai; kaka ndiye aliyeamriwa kujiua, mwanzoni mwa 1726. Hakuna udi, hakuna ukuta.

Na yule Malkia, yule aliyeambiwa na kaizari kwamba hawataonana tena wakiwa hai wala wakiwa wafu? Wa kwenye historia alikufa kwa ugonjwa mwaka 1731 na amezikwa kaburi moja na mumewe mpaka leo.

Sababu ni kwamba riwaya iliyozaa tamthilia hii iliandikwa juu ya nasaba ya kubuni. Mwongozaji Zheng Xiaolong ndiye aliyeihamishia kwenye enzi za Yongzheng. Kwa hiyo watu halisi walivalishwa dhambi zilizokuwa zimeshashonwa kwa ajili ya watu wengine.

---

Zamu ya Usiku

Watoto wanne?

Ngoja nimhudumie mteja, nitarudi.

---

Zamu ya Usiku

Nimerudi. Nimekuwa nikiwaza hapa. Mama ambaye watoto wake wote walikufa wadogo, wakaja watu miaka karibu mia tatu baadaye wakamfanya mwanamke asiyezaa, na mimi nikamlilia huyo wa pili. Wa kwanza hata sikujua yupo.

Sijui niseme nini. Ila sijutii kulia.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapo ndipo pa kuchomoka na wewe. Ukimaliza Zhen Huan, angalia hizi mbili kwa mpigo, na uziangalie kama hakimu: Yanxi (episodi 70) na Ruyi (episodi 87). Zote zilitoka 2018, zote ni za kaizari mmoja, Qianlong, na masuria walewale. Tofauti ni nani kaandika shitaka.

Kulikuwa na mwanamke wa ukoo wa Wei, alianza chini akapanda mpaka akawa mama wa kaizari aliyefuata. Kulikuwa na Malkia wa pili wa ukoo wa Nara, ambaye mwaka 1765, wakiwa safarini kusini, alikata nywele zake. Kwa desturi ya Wamanchu, kabila la makaizari hao, mke wa kaizari hakati nywele mpaka afiwe na kaizari au mama wa kaizari, kwa hiyo ni kama kumchimbia mumewe kaburi akiwa anakula. Mwaka uliofuata akafa, akazikwa bila heshima ya umalkia. Kwa nini alikata, hakuna aliyeandika.

Sasa sikia. Yanxi inasema: Wei ndiye shujaa, binti mjanja mwenye mdomo, na Nara ni nyoka. Ruyi inasema: Nara ndiye mke mwema aliyevunjwa moyo, na Wei ni nyoka. Nywele zilezile, mkasi uleule! Mimi nilimaliza Yanxi nampenda Yingluo (ndiye huyo Wei) kama dada yangu, nikaanza Ruyi, kila yule mwanamke akitokea natukana, halafu nakumbuka ni yuleyule. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu.

---

Kibanda Umiza

Episodi 70 jumlisha 87. Nyie hamna mashamba?

---

Mwalimu wa Zamu

Tulia, huko kwao walibanwa. Mwaka 2020 mamlaka yao ya utangazaji ilitaka tamthilia zisipite episodi 40, na ikapendekeza 30. Ndiyo maana za miaka iliyofuata zinakimbia. Mimi naona hasara. Ukimpa Zhen Huan 40, unabaki na matukio, zile chai zote zinakatwa. Kuna toleo la Netflix la 2015 lililobanwa likawa sehemu sita za dakika tisini. Nililiona. Watu wanakufa kabla hujajua majina yao.

---

Pwani Mchangani

Sikubaliani na hii habari ya "ndefu ni bora". Mimi ni mama wa watoto watatu na nina mgahawa. Nani atanipa saa sabini? Zile fupi naangalia maharage yakichemka. Kofi moja, nageuza chapati, kofi la pili. Na usiniambie hazina maana. Wiki hiyohiyo mtu alikuwa amekula kwangu siku nne akaondoka bila kulipa, na akanitukana. Sikumpata. Lakini usiku ule kwenye simu mama ntilie mmoja wa Kichina alikuja kugundulika ni mmiliki wa jengo zima, yule aliyemtukana akapiga magoti juu ya supu iliyomwagika. Nililala vizuri. Sihitaji riba, mimi nilihitaji taslimu.

---

Zamu ya Usiku

Dada, hapo umenifunga mdomo.

---

Nusu Mchina

Huyo dada ana wenzake wengi sana. Kwa hesabu za huku, mwaka 2024 soko la tamthilia fupi nchini China lilifika kama yuan bilioni 50, likayapita mapato ya sinema nchi nzima, yaani bilioni 42.5. Nyingi zinapigwa kwa wiki moja tu.

Nilikwenda Hengdian mwaka jana, ule mji wa studio ulioanza 1996. Wamejenga Kasri la Beijing pale kwa ukubwa uleule. Ukilitazama kwa mbali unataka kupiga magoti, ukigonga nguzo inalia kama kabati la mbao nyepesi. Jina lenyewe lina mchezo: "heng" maana yake ni kitu kilicholala, kama skrini ya televisheni. Siku hizi wenyewe wanatania kwamba paitwe Shudian, kwa sababu "shu" ni kilichosimama wima, kama simu. Nilikuta uwanja mmoja, upande huu suria analia kwa taratibu, mwanga umepangwa nusu saa. Ng'ambo ya ukuta mwingine anapigwa makofi haraka haraka kwa sababu wana kurasa kumi za kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kila mara naangalia sasa nawaza kelele za ng'ambo ya ukuta.

Serikali nayo imeziona. Tangu Juni 2024 hata hizo fupi lazima zisajiliwe kabla ya kurushwa.

---

Kitenge cha Bibi

Mnaongea kama Wachina wameingia jana. Hakuna anayekumbuka Doudou? 2011, TBC1, Mao Doudou na mama wakwe wawili, Wachina wanaongea Kiswahili sanifu kuliko mwenyekiti wetu wa mtaa. Bibi yangu alikuwa haelewi Kiingereza hata "good morning", lakini ile aliielewa yote, na alikuwa upande wa mama mkwe. Rais Xi alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, bibi akasema "si mnaona".

Ninachodai ni hicho. Hizo zenu za kasri nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini, mbiombio. Mimi nashona nguo. Macho yakiwa chini ya skrini, sindano iko wapi? Nimeshawahi kushona mkono wa kulia kushoto kwa sababu ya Yanxi. Zitiwe sauti ya Kiswahili na sisi tujue umbea wa kaizari.

---

Mke wa Baharia

Na wakitia, waweke watu wa pwani. Habari za masuria, matowashi na vijakazi, maneno yote tunayo, hayahitaji kutafutwa kwenye kamusi. Maana hata sisi na hao makaizari twajuana kitambo. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea Kaizari Yongle twiga. Wachina wakasema ndiye qilin, mnyama wao wa baraka. Nikiangalia tamthilia ya enzi za Ming huwa namngojea twiga wangu atokee.

---

Mpita Njia 254

Niko Nairobi. Kwa mleta uzi: kama unataka kitu cha katikati, angalia ile inaitwa The Double, ya 2024, episodi 40. Ni Wu Jinyan, yuleyule wa Yanxi. Mumewe anamfukia akiwa hai, anatoka kaburini, anachukua jina la msichana mwingine na kurudi mjini kudai chake. Imevaa nguo za kasri lakini inapiga makofi kwa mwendo wa zile za simu. Mtayarishaji ni Yu Zheng, yule wa Yanxi pia, huyo bwana anajua mtazamaji anawashwa wapi.

Na kuhusu Zhen Huan: ukifika kwenye dirisha utatuambia.

---

Zamu ya Usiku

Dirisha gani?

---

Mwalimu wa Zamu

Wewe wa Nairobi, nyamaza.

---

Mke wa Baharia

Asimwambie mtu!

---

Zamu ya Usiku

Sasa kila mtu akikaribia dirisha roho inanidunda. Mmeniharibia. Nitawatafuta.

---

Kibanda Umiza

Swali tu, siyo kwamba naangalia. Hiyo Yanxi, huyo mwenye mdomo, analipiza kwa kasi gani? Kama ya yule mwenye mgahawa au kama ya riba?

---

Mwalimu wa Zamu

Katikati. Na ana adui mpya kila baada ya episodi chache, kama wewe na vibanda vyako.

---

Kibanda Umiza

Sawa. Nimeuliza tu.

---

Zamu ya Usiku (siku nane baadaye)

Wakuu, saa kumi usiku. Nimefika.

Kwa ambao hawataiangalia kamwe: kaizari amejua, au ameshuku, na amempa Zhen Huan divai yenye sumu akamnyweshe Mwana wa Kumi na Saba, mdogo wake kaizari, yule mtu pekee aliyempenda. Wamekaa wawili, wanazungumza ya zamani. Zhen Huan ameshaamua atainywa mwenyewe. Jamaa anasema upepo umeanza kuvuma, naomba ufunge dirisha. Anainuka, anafunga dirisha. Anarudi, anakunywa. Na jamaa anakunywa.

Sikuelewa. Nikarudisha nyuma. Nikaelewa: Zhen Huan alipokuwa amempa mgongo, jamaa alizungusha vikombe.

Mteja amegonga sasa hivi anataka dawa ya kichwa. Ameniuliza, kaka una msiba?

---

Mpita Njia 254

Pole mkuu.

---

Mke wa Baharia

Pole mwanangu. Zimebaki chache, usilale. Na ile ya udi, binti amejifungua salama, wa kike. Nyumba imeshafukizwa.